Udongo unasema: namna ya kuzuia mbwa wasichimbe chini ya uzio

*Haya ni mazungumzo ya mwenzetu mmoja wa komite ya mifugo mbele ya mkutano mkuu wa wanachama. Tumeyaandika jinsi alivyoyasema, tukapunguza tu pale aliporudia. Wafadhili walioandika kuuliza kwa nini kuku wa awamu ya kwanza walipungua watapata sehemu ya jibu humu.*

Jambo yenu wote!

Bwana rais wa shirika, wamama na wababa wa komite, wageni wetu mnaotusaidia, nanyi wandugu wanachama. Nimepewa dakika 20 na nitajaribu nisizipite. Kwenye programu wameandika "Ulinzi wa mifugo midogo". Hiyo ni Kiswahili ya ofisi. Mimi nimekuja kuwaongelea tundu. Tundu moja tu chini ya uzio wangu, halifiki hata upana wa karai, lakini lilikula kuku 11 kwa usiku mmoja, na karibu linigombanishe na jirani yangu maisha yetu yote.

Wengi wenu mnajua habari yangu. Tulivuka ziwa kutoka Kigoma na mizigo yetu michache, tukafika Baraka, tukaanza upya. Parsele ya baba niliikuta, lakini nyumba haikuwepo, na mipaka watu walikuwa wanaikumbuka kila mtu kwa namna yake. Kwenye awamu ya kwanza shirika lilinipa kuku 6, matetea 5 na jogoo 1. Masharti tunayajua wote: wakizaana, unarudisha 6 ili mwenzako naye aanze. Baada ya miezi nane nilikuwa nao 14. Chanjo nilifuata, maji safi nilitoa, mayai watoto walikula. Yule mama mjane aliyekuwa anangoja zamu yake kwangu, nilishamwambia, "Mama, wiki ijayo njoo na kikapu."

Wiki ile haikufika. Asubuhi moja mama watoto alitoka kuwasha moto akapiga kelele. Manyoya kila mahali. Kuku 11 wamekufa, wengine hawakuliwa hata, wameng'atwa tu na kuachwa. Na pale chini ya uzio, upande wa jirani, tundu.

Sasa sikilizeni vizuri, maana sehemu hii inanitia haya lakini nimekubali kuisema. Jirani yangu ni mtu ambaye hakukimbia. Alibaki hapa wakati wote wa vita. Kati yetu kulikuwa tayari na maneno juu ya mita mbili za mpaka. Naye ana mbwa, yule wa rangi ya udongo, mkubwa. Basi mimi sikuuliza. Nilikwenda mlangoni kwake na kelele, nikamwambia mbele ya watoto wake, "Mashamba yetu mliyakalia, sasa mnatuma na mbwa wamalize kuku wetu?" Akanijibu neno moja tu: "Mbwa wangu amelala ndani." Sikumwamini. Siku ile ile nilikwenda sokoni nikanunua sumu ya panya, nikawa na mpango wa kuichanganya na ndagala na kuitupa usiku.

Mama watoto aliiona ile karatasi. Akaniuliza, "Na watoto wao wanaocheza pale chini ya mwembe? Na kuku watatu waliobaki, wao hawadonoi?" Aliichukua, akaimwaga chooni. Namshukuru hata leo.

Kesho yake akaja mzee wa avenyu, aliitwa ili atuamue. Mimi nilikuwa na maneno tayari. Mzee hakutaka maneno. Aliinama pale kwenye tundu, akaangalia, akauliza, "Papa, huu udongo uko upande gani?"

Nikaangalia. Chungu ya udongo ilikuwa ndani. Ndani ya parsele yangu.

Wandugu, mbwa akichimba anatumia miguu ya mbele, anautupa udongo nyuma, unapita kati ya miguu yake. Kwa hiyo udongo unalala pale mbwa aliposimama. Ukikuta chungu iko nje, mbwa alichimba toka nje. Ukikuta iko ndani, mbwa alikuwa ndani. Mzee akasema, "Leteni mbwa wenu." Akaja, anatikisa mkia, na pua yake na kucha zake zote ni udongo. (Kicheko.) Cheka tu, hata mimi leo nacheka.

Habari ilikuwa namna hii: kwenye avenyu ya pili kulikuwa na mbwa jike aliyekuwa anataka dume. Mbwa wetu alisikia harufu, akachimba, akatoka. Usiku huo madume wengine wakazunguka, wakakuta mlango wazi, wakaingia. Mlango tuliufungua sisi.

Nilikwenda na mama watoto kwa jirani, tukaketi, nikasema kosa langu. Aliniangalia sana. Kisha akasema, "Mwaka uliopita mimi nilipoteza dende wanne. Niliwaza ni mbwa wako, nikanyamaza." Nami nikanyamaza, maana nilikumbuka kwamba siku zile mbwa wetu alikuwa halili chakula cha jioni.

Njo maana ninaanza na hili: kabla ya kumshitaki mtu, angalia udongo. Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Kwa nini mbwa anachimba

Mbwa hachimbi kwa ubaya. Ana sababu, na ukiijua sababu umeshapata nusu ya dawa.

Sababu ya kwanza ni jike. Jike anaingia katika hali hiyo kama mara mbili kwa mwaka, na inachukua kama wiki tatu. Dume anasikia harufu hiyo toka mbali sana. Mwenye jike amfungie ndani hizo wiki tatu, na mwenye dume amwangalie usiku. Mimba ya mbwa ni miezi miwili tu, na jike akikaribia kuzaa naye anachimba, anatafuta mahali pa kulaza watoto.

Ya pili ni njaa na harufu ya chakula. Hapa kwetu tunaanika ndagala, tunatupa matumbo ya samaki pembeni ya uzio, shimo la takataka tunalichimba karibu na mpaka. Panya wanakuja. Mbwa anasikia panya chini ya udongo, anamfuata. Na kuku wakilala kwenye banda linalogusana na uzio, ni kama umemwekea meza. Sogeza shimo la takataka, sogeza banda. Kazi hiyo haiombi pesa ya mtu.

Ya tatu ni joto. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi, anapumua kwa ulimi nje. Ukimfunga juani saa sita bila kivuli na bila maji, atachimba ili alale kwenye udongo wa baridi. Mara nyingi anachimba kwenye uzio kwa sababu ndipo penye kivuli kidogo.

Ya nne ni woga na upweke. Radi ikipiga, au sauti nyingine ambazo sisi sote tunazijua, mbwa anatafuta njia ya kutoka. Anayefungwa peke yake mchana kutwa naye anachimba.

Halafu kuna tabia. Mbwa akishachimba mahali, anarudi palepale, maana udongo umelegea. Kujaza tundu kwa jembe na kukanyaga mara mbili ni kumtengenezea kazi nyepesi. Jaza kwa mawe, tia udongo, mwagia maji, ushindilie na gogo mpaka pawe pagumu kuliko zamani.

Kazi ya chini ya uzio

Sisi wote tunaangalia urefu wa uzio kwenda juu. Matete mazuri, mianzi imesimama, wengine wanaongeza matole ya zamani. Lakini mbwa haruki kama anaweza kuchimba. Uzio una sehemu mbili: ile inayoonekana na ile iliyo chini. Ile ya chini ndiyo tumeisahau.

Kwanza zunguka uzio wako wote pole pole, ukiwa umeinama. Tafuta mahali ambapo mkono uliokunjwa ngumi unapita. Angalia hasa sehemu tatu: kwenye kona, chini ya mlango, na pale maji ya mvua yanapotokea. Maji yanakula udongo, yanamwanzishia mbwa kazi. Weka alama ya kijiti kila unapokuta uwazi. Usitengeneze uzio wote siku moja. Anza penye vijiti.

Njia ya mawe ndiyo tuliyotumia mimi na jirani. Tulichimba handaki chini ya mstari wa uzio. Msiogope neno hilo, si handaki la vita. (Kicheko.) Kina chake ni toka kiwiko mpaka ncha ya vidole, upana ni kama hatua ya mguu wa mtu mzima toka kisigino mpaka kidole. Mawe makubwa, kama kichwa cha mtoto, yanakaa chini, yamebanana. Madogo yanajaza nafasi. Juu unatia udongo wenye kokoto, unamwagia maji, unashindilia. Upande wetu ulikuwa mita 18. Ulitula asubuhi nne na bruweti kama 40 za mawe toka mtoni. Pesa tuliyotoa ni ya chai na ndizi za vijana waliotusaidia kubeba. Huku chini karibu na ziwa udongo ni mchanga, mbwa anauchimba haraka, kwa hiyo usipunguze kina. Kule milimani penye udongo mgumu unaweza kupunguza kidogo.

Njia ya waya ni kwa mwenye uwezo, au kwa mradi. Ile waya ya wavu tunayoiita griyaji, yenye upana wa sentimita 90, unaikunja kama herufi L. Sentimita 30 unazifunga kwenye uzio kwenda juu. Zile 60 zilizobaki unazilaza chini kuelekea upande anakotokea mbwa. Unazibana na mawe au vijiti vyenye ndoano, unafunika na udongo kidogo, majani yanaota juu yake. Mbwa anakuja mpaka mguuni mwa uzio, ndipo anapoanzia kuchimba. Anakuta waya. Hana akili ya kurudi nyuma hatua moja na kuanzia pale waya inapoishia. Akijaribu hivi mara kadhaa, anachoka.

Na hapo ndipo udongo unasema tena. Kama shida ni mbwa wa nje wanaoingia, laza waya nje. Kama ni mbwa wako anayetoka, laza ndani. Nimeona mtu amelaza nje, na mbwa wake anatoka kila siku, halafu anasema waya haifai. Chagua waya nene. Ile nyembamba sana inashika kutu mapema na mbwa mkubwa anaikata.

Chini ya mlango weka kizingiti: jiwe refu bapa, au gogo gumu lililozikwa nusu, au sima kama unayo. Kwenye njia ya maji usizibe kabisa, maana maji yatakwenda kwa jirani na utafungua kesi nyingine. Simamisha vipande vya nondo au miti migumu, nafasi kati yake isizidi upana wa ngumi, maji yapite na mbwa abaki.

Ukipenda ua wa kupanda, minyaa inashika vizuri pamoja na mawe chini. Lakini maziwa yake yakiingia machoni ni hatari, kwa hiyo watoto wasicheze nayo.

Na hata uzio ukiwa mzuri, kuku wasilale chini. Banda lisimame juu ya miti, urefu wa mita moja, na mlango ufungwe jioni. Siku moja tundu likitokea, mbwa ataingia, atazunguka, atatoka bila kitu.

Mpaka ni mpaka

Nawaomba hapa mnisikilize zaidi, hasa sisi tuliorudi. Kwetu sisi, mtu akionekana na jembe kwenye mpaka, watu hawaoni mbwa. Wanaona shamba. Tumeshuhudia maneno ya mita moja yanafika mbali.

Kwa hiyo usichimbe peke yako asubuhi mapema. Mwite jirani, mwite mzee wa avenyu, pigeni kamba, wote waone, halafu jembe liingie. Kama jirani hataki, rudi ndani ya parsele yako kipimo cha nusu mita na ufanyie kazi yako pale. Nusu mita si kitu ukilinganisha na miaka ya kutosalimiana. Mimi na wangu tulipopiga kamba kwa ajili ya mbwa, tulijikuta tumemaliza na zile mita mbili. Hakuna aliyepanga. Tulikuwa tumeinama pamoja siku nne, basi maneno yakatoka.

Mambo tusifanye

Sumu, hapana. Sumu haichagui. Inaua mbwa, kuku, paka anayekusaidia na panya, na mtoto anayeokota.

Vipande vya chupa kwenye tundu, hapana. Watoto wetu wengi wanatembea peku. Pilipili na majivu vinafukuza mpaka mvua moja tu. Na kumpiga mbwa saa mbili baada ya kosa ni kazi bure, hajui unampigia nini.

Na kichaa cha mbwa, wandugu, si mzaha. Mbwa anayetoka kila usiku anapigana na mbwa asiowajua, anaweza kuurudisha ugonjwa nyumbani. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili kuna njia. Mtu aking'atwa au akilambwa kwenye kidonda, osha hapo hapo kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kamili, usifunge kwa dawa ya majani, nenda kituo cha afya siku ileile uulize chanjo. Hata kama kidonda ni kidogo. Na mbwa wenyewe wachanjwe. Kila tarehe 28 Septemba dunia inakumbuka ugonjwa huu. Naomba komite iongee na veterineri ili sisi pia tuitumie siku hiyo.

Ombi langu

Namalizia. Katika miradi yetu pesa ya kuku iko, ya chanjo iko, ya mafunzo na soda iko. Pesa ya chini ya uzio haiko. Kuku wangu 11 walikuwa ni pesa ya wafadhili, lakini zaidi walikuwa ni zamu ya yule mama. Alikuja na kikapu chake kweli. Nilimpa wale watatu waliobaki, nikabaki na deni la watatu. Ilinichukua mwaka kulilipa.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Moja: asipewe mtu kuku wala dende kabla watu wawili wa komite hawajazunguka uzio wake wakiwa wameinama. Mbili: kila avenyu iwe na siku ya mawe, tuzunguke nyumba kwa nyumba, na wale ambao hawakukimbia nao waitwe, maana mbwa hajui nani alikwenda kambini na nani alibaki.

Aksanti sana.

Maswali

*Mama mmoja aliuliza: mimi niko mzee, sina mtu wa kubeba mawe, nifanyeje?* Jibu: anza na kuku, si na uzio. Banda lako liinuliwe kwanza, hiyo ni kazi ya siku moja kwa vijana wawili. Kisha ziba mlango na njia ya maji. Mengine yatangoja siku ya mawe.

*Kijana mmoja aliuliza: si afadhali kuacha kufuga mbwa?* Jibu: mbwa anatulindia usiku, na wengi tunamhitaji. Lakini ukimfuga, mpe chakula jioni kabla ya giza, maji, kivuli na chanjo. Mbwa aliyeshiba na mwenye mahali pa kulala hana haraka ya kutoka. Na kama hutaki watoto wa mbwa, veterineri anaweza kumhasi.

*Mgeni wetu mmoja aliuliza kama yule jirani yuko tayari kuja kueleza upande wake.* Mzungumzaji alicheka, akaonyesha kwa mkono mstari wa nyuma. Jirani alisimama, akasalimia watu, akasema kwamba upande wake ni uleule, ila yeye mawe alibeba mengi zaidi.

Mkutano ulipokea ombi la kwanza palepale. La pili limepelekwa kwa wazee wa avenyu, na majibu yatatoka katika toleo lijalo.